Nimefuata majitaka kutoka Msimbazi mpaka Paje

Jumatatu, Dar

Kaskazi imeshaanza kuvuma na vuli imeisha juzi juzi tu. Ndo muda niliokuwa nausubiri, maana mvua zikishasomba kila kitu cha mjini zikakipeleka baharini, alafu jua likaanza kuwaka kweli kweli, hapo ndo mwani usiotakiwa unaota kwa fujo. Shangazi yangu wa Paje, Unguja, analima mwani tangu mimi sijaanza shule, na mwaka huu kila nikimpigia simu ananiambia yaleyale, kamba zinashika unyweleunywele, mwani unalainika unakatika, ngozi inawasha. Nikaamua likizo hii niimalizie njiani, nianze hapa Dar ninapoishi niende mpaka kwake, na kila ninapofika niulize swali moja tu: maji ya chooni ya hapa yanaenda wapi?

Nimeanzia bonde la Msimbazi. Mto unatoka huko vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Salenda. Njiani unapokea maji ya mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, unapokea damu na kinyesi cha machinjio, unapokea maji ya gereji na ya viwanda, alafu kuna lile jambo ambalo kila mtu wa Dar analijua ila halisemwi sana, mvua kubwa ikipiga usiku watu wanatapisha vyoo, yani wanaachia kinyesi kiondoke na maji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 kwenye huu mkoa na wengi wao hawajaunganishwa na bomba lolote la majitaka, wanatumia choo cha shimo au karo, yani shimo la kupokea majitaka ya nyumba. Kijana mmoja anayelima mchicha bondeni nilimuuliza anaweka mbolea gani, akaniambia hapa ardhi yenyewe imeshiba, mchicha unakua bila kuweka kitu. Hilo ndo jibu lenyewe, kinachokuza mchicha wake ndo hichohicho kinaingia baharini.

Nikatembea mpaka Coco Beach maji yakiwa yametoka. Mawe yote yamefunikwa zulia la kijani kibichi linaloteleza, ni mwani ule mwembamba unaopenda sehemu zenye naitrojeni nyingi. Watoto wanauchezea. Mimi nilikaa pale nikiutazama muda mrefu, maana miaka yote nimeupita nikidhani ndo asili ya pwani ya mjini.

Niseme hapa kitu kimoja ili huko mbele tuelewane. Bahari yetu ya ukanda huu kwa asili haina virutubisho vingi, na ndo sababu maji yanakuwa maangavu na ya samawati hivi. Matumbawe yamezoea hayo maisha ya kubana. Ukimwaga naitrojeni na fosforasi, za mbolea au za mkojo na kinyesi ni zilezile, wanaonufaika ni viumbe wanaokua haraka, yani mwani wa kijani, ule unaofanana na nyuzi, na ule mdogo kabisa usioonekana kwa macho ambao ukizidi unabadilisha rangi ya maji. Unaota, unaziba mwanga, unakufa, unaoza, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni. Samaki wenye nguvu wanakimbia, wengine wanabaki palepale.

Jumanne, kwenye boti na Mji Mkongwe

Kwenye boti nilikaa na mzee mmoja wa Malindi ya Unguja, amefanya kazi Maskati miaka mingi sana. Nilipomwambia ninachofuatilia akaniambia basi wewe hujaona, na akaanza kunisimulia ya mwaka 2008. Maji ya Bahari ya Oman yaligeuka rangi ya kahawia kwenye wekundu, samaki wakaletwa ufukweni na mawimbi wamekufa, harufu mpaka barabarani. Hii habari ninaijua, ilikuwa ni mwani mdogo unaoitwa Cochlodinium polykrikoides, ulikaa zaidi ya miezi minane mpaka 2009 na ulishika zaidi ya kilomita 1,200 za pwani, na upande wa Emirati mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ikabidi izimwe kwa sababu vichujio vilikuwa vinaziba. Hebu fikiria nchi inayokunywa bahari alafu bahari inakataa. Mzee akasema wavuvi wa huko walikuwa wanatuma ujumbe kwa ndugu zao Unguja, wanauliza na kwenu yamefika?

Hayakufika. Ila huku kwetu siyo kwamba hatujawahi kuonja. Mapema 2002 samaki walikufa kwa wingi kuanzia Kiunga huko kaskazini ya Lamu mpaka upande wa Somalia, na wataalamu wakaunganisha na mwani mdogo uliozidi kwenye maji. Kwaiyo mlango upo.

Mchana nikazunguka Mji Mkongwe kwa miguu kutoka Forodhani mpaka Malindi nikifuata ukingo wa bahari. Maji yakipwa unayaona mabomba yenyewe yanavyotokeza, na ukikosa kuyaona pua itakuonesha. Majitaka ya Mji Mkongwe kwa miongo mingi yamekuwa yakiingia baharini hivohivo bila kusafishwa, huu mji ambao tangu 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jioni wageni na wenyeji tunakula urojo na mishikaki pale Forodhani, mita chache tu kutoka huko, na vijana wanapiga mbizi wakishangiliwa. Inaniuma sana hii kwa sababu vijana wale wanaruka kila siku.

Usiku nikakaa nikapiga hesabu. Binadamu mmoja kwa mwaka anatoa naitrojeni kama kilo 3 hivi mpaka 4, na sehemu kubwa iko kwenye mkojo. Mkoa wa Mjini Magharibi kwa sensa ya 2022 una watu kama 890,000. Zidisha kwa 3 tu unapata zaidi ya tani 2,600. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una naitrojeni kilo 23. Yani mkoa mmoja, kwa vyoo peke yake, unazalisha naitrojeni ya mifuko zaidi ya laki moja ya urea kila mwaka. Siyo yote inafika baharini, nyingine inapotea hewani na nyingine inabaki ardhini, lakini hata robo yake tu ni mifuko ambayo mkulima wa mpunga wa Cheju angeililia.

Jumatano, Chapwani

Nimekodi mashua asubuhi, nahodha kijana wa Funguni anajua kila jiwe. Tulianza kupiga mbizi karibu na mjini, tukawa tunasogea kwenda kisiwa cha Chapwani, alafu tukaenda mpaka kisiwa cha Bawe. Nilitaka kuona kwa macho kile nilichosoma.

Miaka ya 1990 watafiti wa hapa pamoja na wenzao wa Sweden, akiwemo marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima kitu ambacho watu wengi hatukitazami, ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaofunika mawe ya miamba. Ule mwani unatengeneza chokaa na ndo unaoshikanisha vipande vya matumbawe vikawa mwamba mmoja, na vitoto vya matumbawe vinapenda kutua juu yake. Walikuta kwamba kadiri unavyokaribia mabomba ya mjini unapungua, na fosfeti, yani fosforasi iliyoyeyuka, ikizidi kwenye maji unashindwa kutengeneza chokaa yake vizuri. Matokeo yakatoka 1995. Hii ni kazi ya kwetu, imefanyika kwenye maji haya haya, na mpaka leo ukiongea na watu wa hoteli hakuna anayeijua.

Nilichokiona leo: karibu na mji maji mazito, unaona mkono wako na kidogo mbele yake, mawe yamevaa unyoya wa kijani na kahawia, ukiupangusa unapaa juu. Chapwani kuna matumbawe lakini kuna mwani wa majani katikati yake. Bawe maji yamefunguka, nikaona ile waridi imetanda kwenye kingo za mawe na kundi la pono wanatafuna, unasikia kabisa meno yao chini ya maji. Nahodha akasema zamani pono walikuwa mpaka hapa karibu na bandari, sasa hivi wakipatikana wanaishia sokoni Darajani. Na hili lisisahaulike, samaki wanaokula mwani, pono, chafi, kangaja, tukiwamaliza kwa nyavu ndogo hata mbolea kidogo tu inatosha kuugeuza mwamba kuwa shamba la mwani. Uchafu na uvuvi mbaya vinasaidiana.

Alhamisi, Chwaka

Nimepita tu, gari la Paje nilitaka kulipanda kesho. Ghuba ya Chwaka ina mikoko mikubwa upande wa Mapopwe, na chini ya maji kuna majani ya bahari aina 11, siyo sehemu nyingi duniani zinazokusanya aina zote hizo pamoja. Mikoko na majani haya yanakula naitrojeni kabla haijafika kwenye miamba, na yanashika tope. Tangu 2004 sehemu ya ghuba iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wavuvi wa madema wanajua thamani ya majani kwa sababu chafi yuko humo. Mmoja alinambia, "Jani likivaa vumbi, chafi hakai." Lile vumbi analosema ni mwani mdogo mdogo unaoota juu ya jani na kulizibia mwanga, nikamuuliza anaona limeongezeka, akasema sehemu zile za karibu na nyumba ndio, za huko ndani bado.

Ijumaa, Paje

Bamvua imeshika. Baada ya sala nikafika kwa shangazi, chai ya tangawizi na mihogo, na kesho yake saa tatu tunashuka. Usiku ule majirani zake wawili walikuja tukakaa barazani, wote wa mwani, na mazungumzo yakaenda mbali.

Kilimo cha mwani cha biashara Unguja kilianza 1989 hapa hapa Paje na Jambiani. Wakulima ni maelfu kwa maelfu na wengi mno ni wanawake, na kwa fedha za kigeni mwani umekuwa nyuma ya utalii na karafuu. Mwanzo walilima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndo wenye bei, karibu mara mbili ya mwenzake. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni ukaanza kufa, unageuka mweupe, unakatika, na Paje haupo tena. Shangazi amejengea chumba kimoja cha nyumba hii kwa kotonii, vyumba vingine vilivyobaki, akasema, spinosamu haikufika.

"Mie mwanangu maji siku hizi yanachoma," akasema jirani mmoja. Na ni kweli, kwenye lagoni hii, yani maji ya ndani ya mwamba yasiyo na kina, maji ya mchana yanapanda sana kuliko zamani, na joto lenyewe linatosha kuumaliza kotonii. Sitaki mtu aelewe kwamba ninasema kila kitu ni choo. Joto la dunia lipo na hawa akina mama hawakulisababisha. Lakini pamoja na joto kuna wale wageni wanaokaa kwenye kamba, ule mwani wa nyuzi na ule unaoitwa Lyngbya, ambao kwa kweli ni bakteria wa jamii ya mwani wa kibuluu, na huo ndo unaowasha ngozi na kuvimbisha macho. Dkt. Flower Msuya, ambaye ameutafiti mwani wa Zanzibar miaka mingi, ameandika juu ya akina mama kupata vipele na macho mekundu kutokana na viumbe hivi. Vinapenda maji ya moto, yaliyotulia, yenye chakula.

Jumamosi, Paje

Saa nne maji yametoka mpaka karibu na mwamba. Tumetembea na shangazi kwenye mashamba, vigingi mistari kwa mistari, na nikaona mwenyewe. Kamba za upande wa mkondo mwani ni msafi, wenye rangi nzuri. Kamba za upande wa ndani, karibu na ufukwe, zimevaa manyoya ya kahawia na vishungi vyeusi, ukishika vinateleza. Nilivishika mkono mtupu na mpaka jioni vidole vilikuwa vinawasha, na mimi nimeshika dakika chache tu, yeye anaingia humo bamvua kwa bamvua.

Tulivyorudi akanionesha kitu. Karibu na mstari wa minazi, mchangani, maji yanabubujika polepole. Nikaonja, chumvi yake kidogo tu. Haya ni maji ya ardhini yanatoka chini ya kijiji yanaingia baharini, na kuzunguka pale mwani wa kijani umejaa kuliko sehemu yoyote ya ufukwe. Juu yake moja kwa moja kuna nyumba za wageni zimepangana.

Mchana nikamtafuta fundi wa makaro, baba wa makamo, amechimba karibu nusu ya makaro ya upande huu. Huyu ndo alinifungua macho kuliko mtu yeyote wa safari hii. Nikamuuliza karo zuri ni lipi. Akajibu bila kufikiri, karo zuri ni lile halijai. Wanachimba kwenye jiwe, jiwe la matumbawe la zamani limejaa matundu na nyufa, wakishafika kwenye ufa maji yanapotea, mwenye nyumba anafurahi kwa sababu hataita gari la kunyonya miaka na miaka. Hoteli nyingine karo haijanyonywa tangu ifunguliwe. Nikamuuliza sasa yanakwenda wapi? Akaangalia baharini akaangalia chini, akasema, "Kwani yana pengine pa kwenda?"

Nimelala nikiyawaza haya. Kwenye jiwe la chokaa fosforasi kiasi fulani inanaswa njiani, lakini naitrojeni ikishakuwa naitreti inasafiri na maji bila kizuizi. Kwaiyo mtu anajenga hoteli ya vyumba 40, anachimba karo lisilojaa, anaweka bwawa la kuogelea na bustani ya majani inayomwagiwa maji na mbolea kila siku, na hakuna bomba lolote linaloonekana ufukweni, mgeni anapiga picha bahari ya samawati. Pale Mji Mkongwe angalau uchafu unauona ukitoka. Huku Paje unapita chini ya miguu ya watu na anayeupokea wa kwanza ni mwanamke aliyeinama kwenye kamba.

Kuna swali nililoulizwa na binamu yangu nikalifikiria sana, kama mwani nao unakula naitrojeni si ndo ungenawiri? Ni kweli mwani unaolimwa unahitaji naitrojeni, na mashamba haya yenyewe yanasaidia kusafisha maji. Lakini mwani wa nyuzi una mwili mwembamba, unafyonza haraka na kukua haraka, kabla spinosamu haujaongezeka uzito wenzake wameshaufunika, wameshaunyima mwanga. Anayekula haraka ndo anayeshinda, na virutubisho vikizidi ndo mashindano yanavyoharibika.

Wenzetu Marekani wanayaona haya kwa kiwango ambacho hakielezeki. Mbolea ya mashamba ya katikati ya nchi inashuka na mto Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico, na kiangazi cha 2017 eneo la chini lisilo na oksijeni ya kutosha lilifika zaidi ya kilomita za mraba 22,000. Unguja nzima ni kama 1,660. Yani Unguja 13 zilizopangwa pamoja, samaki hakai chini. Wao wanajua chanzo kwa miaka mingi na bado wanahangaika, kwa sababu mashamba ni ya watu wengi na mto mmoja. Sisi tuna kijiji, hoteli na karo. Vinahesabika.

Jumapili, Chumbe

Nimeondoka Paje alfajiri, nikapanda boti Mbweni kwenda kisiwa cha Chumbe. Niliomba nafasi ya kutembelea mchana mapema kwa sababu nilitaka kuona vyoo. Wahudumu nadhani walizoea wageni wanaouliza matumbawe kwanza.

Mwamba wa hapa umehifadhiwa tangu 1994. Kuna banda saba za wageni na hakuna hata moja yenye choo cha maji. Choo ni kikavu, ukimaliza unamwaga majani makavu na takataka za bustani, bomba la hewa linatoa harufu juu, chini kinyesi kinaoza taratibu mpaka kuwa mboji. Maji ya kunywa na kuoga ni ya mvua yanakusanywa paani, na maji ya kuogea hayamwagwi, yanapitishwa kwenye kitanda cha mchanga na mimea inayokula virutubisho kabla hayajazama. Niliingia ndani ya choo chenyewe nikakaa nikasikiliza harufu. Hakuna. Alafu nikaingia baharini, na matumbawe kama yale sikuyaona Chapwani wala karibu na mjini, yamepandana mpaka pa kuweka mguu hakuna, na haturuhusiwi kuweka mguu kwa kweli. Kilichofanya yawe hivo siyo choo tu, kuna ulinzi dhidi ya uvuvi kwa miaka 30, lakini wenyewe waliamua tangu mwanzo kisiwa kisitoe hata tone.

Jioni nikampigia simu yule fundi wa Paje nikamweleza nilichokiona. Nilitegemea aseme ni mambo ya wazungu. Badala yake akauliza maswali ya kazi, chumba cha chini kimejengwa kwa tofali ngapi kwenda juu, mlango wa kutolea mboji uko upande gani, mkojo umetenganishwa au la, na kwa sisi tunaotawadha maji yanaelekezwa wapi. Hilo la mwisho ni swali zito, na nilimwambia lazima bomba la kutawadhia liende peke yake kwenye kitanda cha mimea, lisiingie kwenye shimo kavu. Akanyamaza kidogo akapiga hesabu zake. Kisha akasema kuchimba jiwe la huku futi moja tu ni kazi ya siku nzima ya watu wawili na sururu zinavunjika, choo kinachojengwa juu ya ardhi kwake yeye ni rahisi kuliko karo, ila hakuna aliyewahi kumwomba. Shangazi kakubali choo cha kwanza kiwe chake, wataanza wiki ijayo maji yakiwa mafu, siku ambazo hashuki shambani.